Anajulikana

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa alasiri, na Jericho nzima, mtaa wetu hapa Nairobi, ikanukia vumbi bichi. Nimenunua daftari hili dukani kwa Baba Keynan. Mtu wa miaka hamsini na saba anayeishi peke yake lazima awe na mahali pa kunung'unikia.

Acha nijitambulishe, ingawa sijui najitambulisha kwa nani. Mimi ni Lydiah, mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yangu ni kubisha milango: nani anakohoa, nani kajifungua, nani kaacha dawa za presha kwa sababu jirani kamwambia atumie kitunguu saumu. Mwaka jana mimi na Mzee Sylvance, mstaafu wa reli, tuliandikisha watu wa hapa wapewe Kadi ya Mtaa, ile ya kaunti. Ukiwa nayo unatibiwa dispensari bila kulipa, na dawa za kila mwezi unapewa. Hiyo kadi ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu, na sitaki kuambiwa naringa.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kiatu cha kushoto kinaingiza maji.

Ijumaa, 6 Machi

Barua kutoka kaunti. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena.

Wakaguzi wamepitisha orodha yetu kwenye mashine inayolinganisha majina na vitambulisho. Kaya mia mbili na kumi na nne mashine haizijui. Wameziita "kaya hewa", yaani watu wasiokuwepo, waliobuniwa ili mtu ale. Tarehe ishirini na tatu Aprili kamati ya afya itakuja ukumbini kwetu kusikiliza maoni. Orodha ikikutwa na hewa, Kadi ya Mtaa itafutwa, kila mtu ajitafutie bima yake.

Kaya hewa! Mimi niliyepanda ngazi zote hizi kwa magoti haya! Mama Clare ni hewa? Yule anayekaanga samaki hadi nguo zangu kwenye kamba zinanuka omena?

Jumamosi, 7 Machi

Nimeona kosa. Ni langu. Naandika hapa kwa sababu bado sijapata ujasiri wa kulisema kwa mdomo.

Fomu ilitaka jina. Mimi nikibisha mlango niliuliza, "Unaitwa nani?" Wakanijibu wanavyoitwa. Mama Clare. Mama Abdijabar. Baba Keynan. Mama Bedan. Nikaandika hivyohivyo, kwa mwandiko wangu mzuri ambao hata mwalimu mkuu aliwahi kuusifu. Kila mtu hapa anaitwa kwa mtoto wake. Nani anakumbuka kitambulisho? Dispensari nao walitazama uso na namba ya kadi, basi. Lakini mashine imetafuta nchi nzima mtu aliyesajiliwa "Mama Clare", haikumpata, ikasema ni hewa.

Niliuliza anaitwa nani. Sikuuliza jina. Mjinga mimi, mjinga!

Jina langu mwenyewe, namshukuru Mungu, halimo kwenye hiyo orodha ya aibu. Sheria ilimkataza mwandikishaji kujiandikisha mwenyewe, kwa hiyo Sylvance ndiye aliyenijazia fomu. Mtu wa reli hakosei. Kadi yenyewe sijawahi hata kwenda kuichukua. Mimi siumwi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeanza kubisha milango upya, na nimeanza na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Clare, kwa sababu ndiye mwenye shida kubwa. Clare ana miaka kumi na mmoja na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Baridi ikimwingia, mifupa inamuuma hadi anang'ata shuka. Vidonge vyake vya kila mwezi vinatoka kwa hiyo Kadi. Bila Kadi, hakuna vidonge, na hizi mvua ndio kwanza zinaanza.

Nikamwambia kosa langu. Nilitegemea anitukane.

"Yawa," akasema, "sasa si uandike tu lingine?" Akatoa kitambulisho chini ya godoro. Rispa Auma Okumu.

Miaka kumi. Nimekopa chumvi kwake, amenifunga kiuno nilipoanguka ngazini, tumezika pamoja mume wake. Na leo ndio nimejua kwamba anaitwa Rispa. Nilirudi nyumbani nikalitamka peke yangu jikoni, Rispa, Rispa, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Alhamisi, 12 Machi

Milango kumi na saba. Mama Bedan ana miaka themanini na mbili. Bedan mwenyewe ni mzee mwenye mvi. Nilipomuuliza jina lake la kitambulisho alinitazama mdomo mpaka nikadhani hajasikia. Halafu akasema, "Jerusha." Akacheka. Akasema tena, "Jerusha Wairimu," akaanza kulia. Aliyemwita hivyo mara ya mwisho ni mamake.

Nilidhani naenda kusahihisha fomu. Sikujua kwamba kila mlango una mtu ndani yake ambaye sijawahi kuonana naye.

Jumapili, 15 Machi

Kanisa. Paa linavuja upande wa kwaya, ndiyo maana sauti ya pili leo ilikuwa inatetemeka.

Jumatano, 18 Machi

Mama Abdijabar alinikatalia nisiandike kitu mpaka adhana ilie na nile naye futari. Sambusa zake zinaweza kumfanya mtu abadili dini. Anaitwa Habibo Mumin Barre.

"Na Abdijabar mwenyewe anafanya kazi wapi siku hizi?" nikamuuliza. Namjua bintiye Sabrin tu, wa kidato cha pili. Nilidhani Abdijabar ni kaka mkubwa aliyeko mtaa wa Fedha au ng'ambo.

"Abdijabar alikufa, abaayo, dada yangu. Alikuwa na siku arobaini."

Na mimi nimekuwa nikilitamka hilo jina mlangoni kwake, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka! Nikamwomba msamaha. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia.

"Msamaha wa nini? Kila ukinibishia mlango, mwanangu anatajwa. Kuna siku wewe peke yako ndiye uliyemtaja."

Jumanne, 24 Machi

Idi imepita, nimeshiba kwa wiki nzima. Kaya mia moja na arobaini zimesahihishwa. Mvua kila siku.

Ijumaa, 27 Machi

Kuna jina moja linanitoa jasho. La mwisho kwenye orodha, namba mia mbili na kumi na nne: MAMA WENGI. Mwandiko ni wa Sylvance. Mahali pa watoto, patupu. Mahali pa namba ya nyumba, ameandika neno moja: "Anajulikana."

Anajulikana na nani? Mimi ndiye ninayejua watu hapa, na simjui!

Huenda Sylvance alitaka kuandika Mama Mwangi. Au Mama Wangui. Nimempigia, simu imezimwa. Mtoto wake anayeishi mtaa wa Mowlem anasema mzee yuko kijijini Siaya kwenye matanga, simu imeingia maji.

Jumatatu, 30 Machi

Mama Mwangi watatu. Hakuna hata mmoja aliye yeye.

Jumanne, 31 Machi

Mama Wangui mmoja. Siye.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda kaunti kumwona Bwana Ndirangu, karani wa kamati. Nilijiandaa kugombana naye, na nimesikitika kidogo kukuta ni mtu mwungwana. Koti lake limelowa mabega, mezani ana chai iliyopoa na mafaili marefu kuliko yeye.

Nikamweleza kosa langu. Akalisikiliza lote, halafu akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini kuna wanakamati wanaotaka hii Kadi ife, na wanatafuta sababu. Mkiwaletea mia mbili na kumi na tatu wazima na mmoja ambaye hayupo, watamzungumzia huyo mmoja tu. Tena, kwa kuwa mmeandikishwa kwa majina ya watoto, kila mtu aje na kitambulisho na huyo mtoto. Au cheti chake."

"Na Mama Wengi?"

"Mtafute," akasema.

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka imepita. Naona kitu ambacho sikipendi.

Kila nikiuliza habari za Mama Wengi, watu wanatazama chini. Baba Keynan dukani ameanza ghafla kupanga sabuni. Mama Bedan amejifanya kiziwi, na nyanya yule anasikia sarafu ikianguka mtaa wa pili, Makadara. Wawili watatu wamecheka kisha wakaziba midomo.

Wanamjua. Wanamficha. Basi kumbe wakaguzi hawakukosea kila kitu. Kuna mtu alichomeka jina lisilo na mwenyewe, na mtaa mzima unajua isipokuwa mimi, punda wao wa kubeba fomu.

Jumatano, 8 Aprili

Nimemwendea Rispa moja kwa moja. Alikuwa anapara samaki.

"Mama Wengi ni nani?"

Kisu kikasimama. "Lydiah, hiyo wachana nayo."

"Niwachane nayo, Kadi ifutwe? Clare ale nini, magamba?"

"Nimesema siwezi kukuambia. Si vibaya. Lakini siwezi."

Nikamwambia maneno. Sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba nimemhifadhi miaka kumi kumbe nafuga mwizi. Aliendelea kupara samaki, na magamba yalikuwa yanamrukia usoni bila yeye kuyafuta.

Alhamisi, 9 Aprili

Hatusemeshani. Mvua.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Ukutani nasikia redio yake. Ameipunguza.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo Kadi ya Rispa imekataa. Mashine mpya imefika dispensari, na kwa mashine hiyo Mama Clare ni hewa mpaka kamati iamue. Muuguzi alimpa vidonge vya siku tano, alivyokuwa ameviweka akiba. Nimeyasikia haya kwa mtu mwingine. Zamani angeniambia mwenyewe.

Jumatatu, 20 Aprili

Mkono unaniuma kwa kushika turubai, lakini lazima niandike.

Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri, maji yakapanda hadi ngazi ya pili. Kama saa nne asubuhi nikasikia Clare ukutani. Kilikuwa kilio cha chini, cha mtoto ambaye amechoka kulia. Nilikaa kitandani na hasira zangu kama dakika mbili. Dakika mbili hizo nitaziombea msamaha mpaka nife.

Nikavunja mlango wa kiburi nikaenda. Rispa alikuwa amemlaza mapajani, anamkanda miguu kwa maji ya moto. Vidonge vilikwisha tangu Jumamosi. Hakuuliza nimefuata nini. Akasema tu, "Shika huku."

Hakuna gari lililokuwa linapita. Nikatoka na mwavuli nikaanza kupiga kelele barabarani, na nina sauti mimi, Mungu hakuninyima hiyo. Baba Keynan akafunga duka akaja na mkokoteni wake wa kubebea unga. Habibo akashuka na blanketi mbili na turubai. Sabrin akashika pembe moja ya turubai, vijana wa kuosha magari wakashika zile nyingine, tukaenda hivyo hadi dispensari, maji yakiwa magotini, Clare katikati yetu mkavu kabisa. Watu ambao sikuwaita walikuwa wanatoka milangoni wanashika. Hakuna aliyepanga. Mmoja akichoka, mwingine anaingia mahali pake, na turubai halikuinama hata mara moja. Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili nikidhani ninauhudumia mtaa huu. Jana niliuona kwa mara ya kwanza ukubwa wake, nikaogopa, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisa kubwa.

Muuguzi akachomeka kadi. Mashine ikaandika: haitambuliki. Akaitazama, akamtazama Clare, akageuza mashine uso ukutani, akaenda kuchukua dripu.

"Leo nimebeba mimi," akatuambia. "Lakini vidonge vya mwezi siwezi kuvitoa bila Kadi. Hiyo kamati ni lini?"

Alhamisi, tukamwambia.

Wakati tunangoja nikamwambia Rispa pole. Akanishika mkono, huu unaouma. Akasema, "Alhamisi utajua, na usinichukie."

Jumatano, 22 Aprili

Clare amerudi nyumbani, amekula ugali kidogo. Kaya mia mbili na kumi na tatu ziko tayari. Moja haipo. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Ijumaa, 24 Aprili

Sasa niandike ya jana yote, hata kama daftari litaisha.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wamekuja na vitambulisho vyao kwenye mifuko ya nailoni kwa sababu ya mvua, na watoto wao: wachanga mgongoni, wa shule na sare, na Bedan, mzee mzima, amemshika mamake mkono huku akiona haya. Kamati iliketi jukwaani, watu watano. Mimi nikawekwa meza ya pembeni na orodha yangu. Bwana Ndirangu ndiye aliyesoma.

"Mama Clare."

Rispa akasimama. "Rispa Auma Okumu. Na Clare ni huyu." Clare akasimama naye, ndani ya sweta mbili.

"Mama Bedan."

"Jerusha Wairimu!" Nyanya alilitamka kwa sauti iliyofanya ukumbi mzima upige makofi. Bedan akapunga mkono.

Ikaendelea hivyo, mmoja mmoja. Jina la mtaani, halafu jina la kitambulisho. Nilikuwa nayajua yote, nimeyaandika mwenyewe, lakini kuyasikia yakitamkwa na wenyewe, mbele za watu, ni kitu kingine kabisa. Majirani walikuwa wanageukiana na kuulizana, "Kumbe we ni Nafiso? Kumbe we ni Zakayo?" Mwenyekiti wa kamati, aliyekuja na uso wa mtu mwenye haraka, aliacha kutazama saa yake.

"Mama Abdijabar."

Habibo akasimama na Sabrin. "Habibo Mumin Barre."

Mwanakamati mmoja akainua kalamu. "Huyo ni binti. Abdijabar mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Kariokor, makaburini. Mwaka wa kumi na nane huu."

"Sasa mama, ikiwa amefariki, hili jina si..."

"Kwani akifa, mimi nimeacha kuwa mamake?"

Yule mwanakamati aliishusha kalamu polepole. "Hapana," akasema. "Hapana, mama. Kaa."

Tukafika mwisho. Nikafunua ukurasa wa mwisho wa orodha yangu.

"Namba mia mbili na kumi na nne," akasema Ndirangu. "Mama Wengi."

Akatazama safu zote.

"Mama Wengi. Yupo?"

Nikasimama ili niseme ukweli, kwamba nimemtafuta mlango hadi mlango na sikumpata. Nimefungua mdomo tu, Rispa akasema kutoka nyuma:

"Si huyo amesimama."

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Ukuta. Watu wakaanza kucheka, kicheko kizuri, cha chinichini.

"Lydiah," akasema Habibo. "Abaayo. Ni wewe."

"Mimi?"

"Ni jina lako. Tunakuita hivyo tangu zamani. Sylvance aliandika unavyoitwa, kama wewe ulivyotuandika sisi."

Naomba mtu asome hapa kwa upole. Sina mtoto. Nilishika mimba mbili na zote mbili Mungu akazichukua mapema, mume naye akaenda zake. Mtaa mzima unaelewa hilo na hakuna anayeligusa. Usoni wananiita Dada Lydiah. Wanawake wote wana Mama fulani, mimi nina Dada. Nilikwishazoea, nilidhani.

Kitu cha kwanza nilichosema mbele ya kamati ya kaunti, Mungu anisamehe, ni hiki: "Mmenizungusha kwa mvua mwezi mzima, nguruwe nyinyi!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Rispa alikuwa anacheka na kulia. "Tungekuambiaje? Tuliogopa kukugusa kidonda!"

Bwana Ndirangu akangoja kelele zishuke. Akasoma sheria yake, kwa sababu ni mtu wa sheria. "Mwenye kaya aje na kitambulisho, na mtoto aliyempa jina la mtaani." Akanitazama juu ya miwani. "Watoto wako wapi, mama?"

Nikatazama orodha yangu. Lakini Clare alikuwa bado amesimama. Hakukaa tangu alipoitwa. Sabrin akasimama. Halafu yule wa mlango wa sita niliyempokea mwenyewe kwenye sakafu ya jikoni, gari la hospitali lilipochelewa. Halafu mapacha. Halafu wote, safu baada ya safu, na wale wachanga wakainuliwa juu na mama zao. Na mwisho kabisa Bedan, mwenye mvi zake, akakohoa akasimama naye.

Sijawahi kuona kitu kama hicho na sitakiona tena. Nikashika meza.

"Jina la kitambulisho?" akauliza Ndirangu, akiifuta tena miwani.

"Lydiah Nekesa Wafula."

"Na unaitwa nani?"

Nikajaribu kulitamka, likakataa kutoka. Nikaenda hadi jukwaani nikamwonyesha kwa kidole pale lilipoandikwa.

Jumanne, 12 Mei

Barua imefika. Orodha imepita yote, Kadi ya Mtaa imebaki, na kuanzia sasa fomu itakuwa na mistari miwili: jina, na unavyoitwa. Rispa amechukua vidonge vya mwezi mzima. Mvua zimepungua.

Alasiri nilikuwa nalala kidogo. Mtu akabisha mlango kwa nguvu, sauti ya kike nisiyoijua, amehamia juzi tu, mtoto wake ana homa. Hajui kwamba jina analoniitia lilikuwa siri. Ameelekezwa tu na watu.

"Mama Wengi! Mama Wengi, uko?"

Nikaitika.